Siku Niliyosema "Pakavu"

Mwanangu, ipo siku moja ya msimu wa mvua ambayo kila nikisikia maji yakigonga turubai hunijia yenyewe, hata nikiwa mezani nakula. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, kwa hiyo sina utoto wa kusingizia. Nakusimulia leo kwa sababu juzi nilikusikia ukimwambia mteja kwenye simu, "Tayari mzee, iko poa," na kazi yake bado imelala miguuni mwako hata hujaigusa. Ulipokata simu ulicheka. Mimi nilishindwa kucheka, nikajifanya natafuta miwani.

Wakati huo nilikuwa fundi kwa Mama Kulwa, hapa hapa Shinyanga, kando ya barabara ya kwenda Ibadakuli. Alishona maturubai ya malori ya pamba na viti vya magari, na mwanaume aliyedhani kazi hiyo si ya mwanamke alionyeshwa kidole gumba chake, kigumu kama kwato kwa kusukuma sindano. Kwake kulikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Kazi ikiisha, mtu mmoja anaingia ndani ya gari, mwingine anabaki nje na mpira wa maji. Wa nje anamwaga na kuuliza, "Wapi?" Wa ndani anajibu "maji" na kutaja mahali, au anajibu "pakavu." Basi. Wa nje haruhusiwi kufungua mlango kuchungulia, anaamini alichoambiwa. Nilipoanza kazi niliona ni mchezo wa watoto.

Likaja gari. Bosi mmoja wa dhahabu wa upande wa Geita alikuwa amenunua gari jekundu lenye paa la kitambaa, lile linalokunjwa nyuma ili maharusi wakae wazi waonekane. Watu walilibatiza Kichwa Wazi. Kwa vumbi la barabara zetu, gari la namna hiyo ni kumpaka bibi harusi poda ambayo hakuiomba, lakini kila mwenye harusi kubwa alilitaka. Dereva wake aliitwa Shija, mtu wa Kishapu, mpole, ambaye kitambaa cha kufutia gari alikifua mara nyingi kuliko shati lake. Alikulia kwenye kuchunga ng'ombe, akajifunza udereva kwa taabu kwenye lori la pamba, na sasa kijijini kwao walikuwa wanamwita dereva wa maharusi. Alikuwa na jina hilo tu la kujivunia, na mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Paa lilikuwa linavuja. Mama Kulwa alilitazama asubuhi ya Jumamosi, lakini alikuwa na safari ya Mhunze kupeleka maturubai, akaniachia mimi. "Shona mshono wa nyuma, badili mipira ya madirisha, na usilitoe gari kabla hujakaa ndani," aliniagiza. Alipoondoka Shija akanivuta pembeni. "Fundi, mimi naona minzi yanatokea huku chini, nyuma ya siti. Huko juu pazima."

Minzi ni maji kwa Kisukuma. Nilimwangulia kicheko. Mimi mwenyewe ni Msukuma, mama yangu alikuwa haongei lugha nyingine, lakini nilikuwa nimepanga chumba Ngokolo, hapa mjini, nikajiona nimeshakuwa mtu wa mjini. Nikamwambia, "Hapa tunatengeneza maji. Hayo minzi yako kawanyweshee ng'ombe." Akacheka pamoja nami, kwa adabu tu.

Hata hivyo nilipokunja paa nilitazama nyuma ya siti. Kuna mfereji mwembamba pale, unaopokea maji yanayoteremka kwenye kitambaa, na kila pembe ya mfereji ina tundu dogo. Matundu yote mawili yalikuwa yamejaa majani na tope, na tope lilikuwa bichi. Nikajisemea, nimeshamkamata mwizi, maji yanaingilia hapa. Nikayaziba kwa gundi ya silikoni, nikalainisha kwa kidole mpaka ikang'aa. Mshono wa nyuma nao nikaushona vizuri, hilo silikani. Kazi ilikuwa nzuri kutazama.

Shija akashika mpira wa maji, mimi nikaingia ndani nikiwa nimevua viatu. "Wapi?" Pakavu. Akahamia upande wa pili. "Wapi?" Pakavu, na ilikuwa kweli. Mara ya tatu nikasikia ubaridi kisiginoni. Nikashusha mkono, kapeti imelowa, na maji yanatoka nyuma ya siti, pale pale alipopataja yule niliyemcheka. Ningetamka neno moja tu tungefungua na kutazama upya. Lakini ningelitamkaje mbele yake?

"Wapi, fundi?"

"Pakavu!"

"Pakavu kweli?"

"Kwani aliye ndani ni wewe?"

Akafunga bomba. Nilipotoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Wabeja, fundi," akinishukuru kwa lugha yetu. Mguu wangu ulikuwa bado umelowa, nikauficha ndani ya kiatu.

Kesho yake kulikuwa na harusi huko Geita, na mvua ikawakuta wanatoka kanisani. Shija alikuwa amelifunga paa mapema. Mfereji ukajaa, maji hayana pa kutokea, na aliposhika breki kwenye mteremko yote yakaruka siti yakamwagika mapajani kwa bibi harusi, maji meusi ya majani yaliyooza. Hayo nilisimuliwa. Nilichosikia kwa masikio yangu ni simu ya bosi Jumatatu asubuhi. Aliuliza jambo moja, kama paa lilipimwa.

"Nilikaa ndani mwenyewe, bosi. Palikuwa pakavu."

Ningeishia hapo ningekuwa mwongo wa kawaida, kama walivyo wengi. Nikaongeza bila kuulizwa: "Labda dereva aliliacha wazi likanyeshewa." Hiyo "labda," mwanangu, ilinitoka kirahisi kama chafya. Shija alifukuzwa siku hiyo hiyo mbele ya watu wa nyumba ya bosi, na kila alikokwenda kuomba kazi alikuta habari imeshafika, kwamba huyu ndiye aliyemwogesha bibi harusi.

Wiki ileile gari likarudishwa kwetu na dereva mwingine. Mama Kulwa hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Ingia," akachukua mpira wa maji yeye mwenyewe. Nikakaa siti ya nyuma. Akamwaga. "Wapi?" Akaendelea kumwaga, taratibu, hana haraka. "Wapi?" Maji yakapanda ukingo wa mfereji, yakanishukia mgongoni, yakaingia kiunoni, yakakusanyika pale nilipokalia, na mimi nimekaa kimya kama mzigo. Kwa mara ya kwanza ndani ya gari lile niliona aibu, tena aibu yenyewe, ya kutamani kutoonekana.

Alifungua mlango, akakunja paa, akaiona silikoni yangu. Akachomoa sindano ya turubai kwenye kilemba chake, akaichokonoa upande mmoja, kisha upande wa pili. Maji yakateremka yote chini ya gari, yakaacha dimbwi kwenye vumbi.

"Hii ni njia yake ya kutokea," akasema. "Ilitaka kusafishwa, wewe umeiziba. Hujui, na kutojua nitakufundisha. Lakini Shija alipokuuliza, ulimjibu nini?"

"Pakavu."

"Na palikuwa pakavu?"

Nikatikisa kichwa. Akairudisha sindano kichwani. "Kwa hilo sina sindano. Kesho utakwenda kwa Shija."

Nikasema ndiyo, mama. Sikwenda. Kesho yake nilisingizia kazi, wiki iliyofuata nikasingizia mvua, kisha sikuwa na cha kusingizia nikawa sisemi tu. Mama Kulwa hakunikumbusha hata mara moja. Ila tangu siku ile hakuniruhusu tena kukaa ndani. Kila kazi ilipoisha alimwita mtu mwingine, hata muuza karanga aliyekuwa anapita, akamwambia aingie. Kwangu alisema, "Wewe mwaga." Nikawa fundi asiyeaminiwa kusema kama amelowa. Miezi miwili nilimwaga maji.

Siku niliyoamua kwenda nilianzia kwao Kishapu, mke wake akaniambia mumewe yuko machimboni. Nikamkuta Geita kwenye mwalo, pale wanapoosha mchanga wa dhahabu, amesimama kwenye tope hadi magotini. Dereva wa maharusi. Aliponiona alinawa mikono kwanza, akanisalimia vizuri, kisha akaniuliza, "Kichwa Wazi kamepona?"

Ningependelea anipige. Nikamwambia yote, tundu, silikoni, kisigino, simu ya bosi. Nilimwambia nikiwa natazama tope kwa sababu uso wake nilishindwa kuutazama. Akasema, "Kwa hiyo paa nililifunga."

"Ulilifunga."

"Mimi nimekuwa najiambia nilisahau. Mke wangu kaniuliza, nikamwambia huenda nililiacha wazi, sikumbuki. Mama yangu naye nikamwambia hivyo. Maana fundi alikaa ndani, akasema pakavu."

Nililia pale kwenye mwalo, mwanangu, mtu mzima, wachimbaji wananitazama. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu aliyenichukia. Nilimkuta mtu aliyeamini neno langu kuliko mikono yake mwenyewe iliyofunga lile paa. Miezi miwili niliyochelewa, kila siku yake alikuwa anajilaumu yeye.

Sikumwomba msamaha vizuri. Yeye alisema tu, "Twende ukamwambie mke wangu." Tukaenda. Mama yake alikuwa hasikii Kiswahili, kwa hiyo nilisimama uani mbele yao watatu nikaungama kwa Kisukuma, tangu mwanzo mpaka mwisho, na nilipofika pale kisigino kilipolowa ilinibidi nilitamke lile neno nililolicheka. Minzi. Shija hakucheka. Mama yake alimshika bega mwanawe, na mke wake akaingia ndani akatuacha.

Kwa bosi nilikwenda pia. Alinisikiliza akiwa amesimama, akasema ameshapata dereva. Shija hakurudi kwenye usukani wa maharusi, na leo analima pamba kwao. Tukikutana mnadani ananiita fundi, kwa heshima ile ile, na kila akiniita hivyo naona aibu upya. Mama Kulwa aliniruhusu kukaa ndani tena siku niliporudi kutoka Kishapu. Hakutoa hotuba, alifungua mlango wa lori akasema, "Ingia."

Sasa sikiliza, mwanangu, maana hili ndilo nililokuitia. Kuharibu kazi utaharibu. Utaziba tundu lisilozibwa, utakata kitambaa kifupi, na watu watakusamehe kwa sababu kila fundi ameharibu. Lakini mtu akisimama nje akakuuliza, ujue yeye haoni, anakutegemea wewe uliye ndani. Hapo usitazame nani alisema kwanza, wala nani ulimcheka asubuhi, wala kama utaonekana mjinga. Ukilowa, sema umelowa. Na kama umeshasema uongo, nenda karekebishe siku hiyo hiyo, maana mwenzio huku nyuma hakai bure, anajitafutia kosa ambalo si lake. Usingoje miezi miwili kama mimi. Yule mteja wa juzi mpigie leo, mwambie bado.

Mungu akubariki mikono yako ishone pasipovuja, na akupe ulimi mwepesi wa kusema "maji" pale penye maji, hata kama anayekuuliza ni mtu uliyemdharau. Na siku utakapomwaga maji wewe, akupe ndani ya gari mtu wa kumwamini. Haya, chukua simu.