Mwasmini Uliowekwa Ndani

Bi Mahfudha wa Azaiba, Maskati, alikuwa mtu wa taratibu zake. Biharusi huwekwa ndani, asiguswe na jua, ili siku yake atoke ang'are. Basi mjukuu wake Wijdan alipoposwa, Bi Mahfudha akauweka ndani na mwasmini wake wa chunguni, ule alioupanda kwa tawi kutoka uani kwa marehemu mama yake, Unguja. Kikuba cha Wijdan, kishada cha kunukia cha kifuani, kingefungwa kwa maua ya mti huo, si mwingine.

Miezi miwili mti ukakaa sebuleni, pazia limefungwa, kiyoyozi kinavuma. Majani yakakoza kijani, lakini hapakuwa na kitumba hata kimoja. Zilipobaki wiki tano kabla ya harusi, akautoa uani saa sita mchana. Kufika alasiri majani yamebabuka.

Bi Mahfudha akalia. Hakulia vile hata alipopasuliwa goti.

"Bibi, umeuunguza," alisema Wijdan, aliyekuwa akisomea mimea chuo kikuu. "Ndani ya jani mna tando nyembamba zinazonasa mwanga, zimepangwa kama chapati. Kivulini mwanga haba, jani linarundika chapati nyingi. Juani rundo linakuwa fupi. Huu umezowea kivuli, ukaupiga jua la Maskati kwa mara moja! Utoe kidogo kidogo, uote majani ya jua."

"Si ungesema mapema, mwanangu! Mambo ya chapati mie nnayajua."

Kazi akapewa mume wa Bi Mahfudha, Bwana Zahor, mstaafu wa wizara, asiye na kosa lolote. Aushikie mti mwavuli, siku ya kwanza auondoe dakika kumi, kesho yake ishirini. Jirani akasimamisha gari kuuliza kama yu mzima.

"Nnaulea mti," akajibu Bwana Zahor kwa haiba yote ya wizara, jasho likimchuruzika.

Majani mapya yakachipua, kisha vitumba. Siku ya harusi kikuba kikatimia, na Wijdan akang'ara.

Wakajipanga sebuleni kupiga picha. Hapo ndipo Bi Mahfudha alipoiona pua ya mumewe, imebanduka ngozi yote. Moyo ukamuuma. Wiki tano mwavuli ulikuwa juu ya mti, na mzee mwenyewe hakuna aliyemfunika. Akaufuata mwavuli uleule, akamfungulia kichwani mbele ya wageni.

"Mahfudha, tumo ndani!"

"Nnajua. Tulia. Nawe nnakuzowesha kivuli, kidogo kidogo."