Kidole cha Sita cha Atupele

Jamani, aibu hii naisema mwenyewe kabla kijiji kizima cha Nkunga hakijaisema. Mjukuu wangu Atupele alizaliwa na vidole sita mkono wa kushoto, nami nikamlaumu mkwe wangu Neema: "Hicho kimetoka kwenu." Kliniki nikamtajia nesi ukoo wetu wote, Ambakisye, Tumpale, Gwakisa, mpaka babu wa babu, hakuna mwenye sita. Neema akalia kimya.

"Bibi, hiki hurithiwa," nesi akasema. "Ila zamani wachanga walifungwa uzi kwenye kidole cha ziada, kikaanguka, na hawakuambiwa." Akanishika mkono, akagusa kinundu kando ya kidole cha mwisho. "Na hiki?"

"Chunjua tu. Mama alisema nilizaliwa nacho."

Neema akafuta machozi, akaniwekea mtoto mapajani.

"Basi mama, kafanana na wewe."