Mgeni Aliyekataa Pilau ya Khitma

Alhamisi iliyopita tulisoma khitma ya mama yangu, aliyefariki mwanzoni mwa mwezi. Katikati ya wanawake aliketi Mzungu aliyejitanda kanga. Alikuja na jirani yetu, nikaambiwa ni Mjerumani.

Pilau ilipoletwa, hakunyoosha mkono. Shangazi akaninong'oneza, "Wewe si ulipika hotelini kwa Wajerumani? Mkaribishe!"

Kijerumani changu ni kitenzi kimoja, "essen", yaani kula. Jikoni kilinitosha kukaribisha, kuhimiza, hata kuuliza kama mtu ameshiba. Nikamwambia kwa upole, "Essen." Akatabasamu, mkono kifuani. Kwetu mgeni hukataa kwanza kwa adabu, basi nikamsogezea sinia. "Essen?" Akatikisa kichwa.

Hasira zikanipanda. Chakula cha kumwombea mama yangu, yeye anakionea kinyaa! Nikamkamata mkono, nikautia kwenye pilau mbele ya watu. "Essen!"

Akautoa taratibu.

"Pole kwa msiba, dada," akasema, Kiswahili kimenyooka kuliko changu. "Mimi nimeolewa hapo Tongoni. Leo nimefunga sunna."

Shangazi akajifunika mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika.

"Haya, Mjerumani wetu," akaniambia, "lete maji mwenzio anawe."

Nikaenda kuyachota.