Nilimwandikia mjane tuhuma ya ulanguzi. Hakimu akauliza kosa liko wapi

Wakuu, salaam. Ninayoyaeleza yananiaibisha mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuyapamba.

Ilikuwa miaka ya mgawo wa sukari. Nilikuwa kijana wa Temeke mwenye mwandiko mzuri, balozi wetu wa nyumba kumi akanifanya karani wake. Nilijiona mlinzi wa Ujamaa mzima.

Siku moja mgambo walikuta nusu gunia la sukari chini ya kitanda cha Bi Mwanahawa, mjane aliyekuwa edani, asiyeruhusiwa kutoka nje ovyo.

Balozi akaniamuru, "Andika, kijana. Mlanguzi huyo!"

Nikaandika: *Ni mlanguzi, mtaa mzima unajua.*

Bi Mwanahawa akaniuliza, "Mwanangu, unanitoa edani kwa lipi?"

Nikampa balozi karatasi, mgambo wakamchukua. Akalala mahabusu na nguo zake nyeupe, arobaini ya mumewe ikiwa imebaki siku tatu.

Kesho yake mahakamani, hakimu aliisoma karatasi yangu mara mbili.

"Tuseme yote yaliyomo humu ni kweli. Kosa liko wapi?"

"Mheshimiwa, sukari ni nyingi," akajibu mwendesha mashtaka.

"Kamuuzia nani? Kaificha afanye nini? Nani kaona?"

"Mtaa mzima unajua, mheshimiwa."

"Basi mtaa mzima uje uandike unachokijua."

Watu wakacheka. Mie sikucheka.

Tuelewane hapa. Hakimu hakusema mama yule hana hatia. Ushahidi haukuwa umeanza hata kupimwa. Alipima jambo la kwanza tu: maelezo haya, yakiaminiwa yote, yanafanya kosa? Yasipofanya, mtu hasomewi shtaka. Wanaosema "aende tu, kama hana kosa atashinda" hawajawahi kulala mahabusu.

Bi Mwanahawa akaachiwa.

Nyumbani nilimkuta mama ndiyo kwanza amerudi Bunju kwa dada yake, habari zimeshamfikia. Alikuwa akipepeta mchele, hakuinua macho.

"Ile sukari ni ya arobaini. Wanawake tulichanga, kibaba kibaba. Viwili vyangu. Umeandika mtaa mzima unajua, na kweli mtaa ulijua. Wewe hukuuliza."

Siku ya arobaini nilikwenda kuomba radhi. Bi Mwanahawa akasema kutoka nyuma ya pazia, "Mpeni chai karani."

Chai ilikuwa na sukari. Niliinywa yote, kwa kuwa kuiacha kungekuwa dharau ya pili.

Tangu hapo, mtu akiniletea tuhuma, swali langu ni lile la hakimu. Nanyi mliowahi kuandika au kuandikwa, leteni yenu hapa chini, ila semeni na nani aliulizwa kabla ya kalamu kushikwa.