Bandi ya Kope

Kwa miezi minane Mama Vifungo aligombana na jicho lake la kulia, na jicho ndilo lililokuwa linashinda.

Kazi yake ilikuwa moja: kushona matundu ya vifungo kwa mkono. Mafundi suti wa mtaa mzima walimletea makoti, maana tundu la mashine huanza kuchanika kabla mwenye suti hajaizoea, la kwake hukaa mpaka koti lenyewe lichakae. Kibanda kilibanwa kati ya duka la zipu na ngazi za ghorofa: meza, taa ya kuinamisha, stuli mbili. Uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, mshono baada ya mshono. Hapo bosi ni jicho.

Sasa bosi alikuwa amegoma. Kope ya juu ilijikunja kwa ndani, na kila alipopepesa nywele zake zilifagia jicho kama ufagio wa chelewa. Maumivu aliyaweza. Kilichomtia wazimu ni machozi. Mteja akija kupatana akamkuta analia, ama anamhurumia ama anadhani amelegea.

"Pole mama, nani katutoka?"

"Hajatoka mtu. Koti lako Alhamisi. Hebu toka kwenye mwanga wangu."

Kila mwenye mdomo akawa daktari. Fundi suti wa mlango wa pili alisema aoshe na maji ya chumvi. Mwenye duka la zipu akasema ni macho ya watu. Mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye, alitumia mikono. Kila Jumapili alimlaza dirishani, akashika kibano na kuzing'oa zile nywele moja moja.

"Tulia dada. Nikikutoboa usinilaumu."

"Wewe ng'oa, hotuba baadaye."

Nafuu ilikuwa ya wiki moja. Kisha nywele zilirudi fupi na ngumu, zikachoma kuliko za mwanzo. Siku aliposhona tundu likaenda upande kama njia ya mlevi, alifunga kibanda akaenda hospitali ya macho, amenuna.

Kwenye benchi alikaa jirani na dereva mstaafu ambaye kope yake ya chini ilining'inia nje, nyekundu, haikutani na ya juu hata akifumba. Yeye alikuwa akisubiri kukazwa hiyo kope pembeni. Mama Vifungo alimtazama, akajiambia kumbe upande wa pili nao una watu wake.

Daktari, kijana wa rika la wapwa zake, aliigeuza kope na kumulika.

"Mama, uliugua vikope utotoni. Vimeacha kovu huku ndani, kovu limevuta, ukingo umegeukia jicho. Kung'oa nywele ni kupoteza muda. Kioo cha jicho kimeshakwaruzika pembeni. Mkwaruzo ukifika katikati, ukungu wake hautafutika kwa dawa."

"Kwa hiyo?"

"Ninachoma ganzi, ninakata kope kwa ndani, ninageuza ukingo utazame nje, ninashona."

"Ukigeuza kupita kiasi?"

"Jicho litakuwa halifungi vizuri."

"Basi pima kabla ya kukata. Nyuzi zinakaa siku ngapi?"

"Kumi."

"Tano."

"Mama, hapa hatuuzi vitambaa. Kumi."

"Saba, na dawa natia mwenyewe."

"Kumi, na dawa unatia mwenyewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kutoka kwenye mapatano mikono mitupu, na jambo hilo lilimkereketa kuliko sindano ya ganzi. Akiwa amelala pale alihisi uzi ukivutwa, akahesabu. Mishono mitatu. Yeye angeweka minne.

Siku ya nne alijitazama kwenye kioo. Kope imesimama, nywele zinatazama nje, nyuzi zinawasha. Katika ufundi wake, pindo likishageuzwa na kushika, uzi wa bandi, ule wa kushikiza kwa muda, unachomolewa; ukiuacha unaacha alama. Alichukua mkasi mdogo, akauchemsha, maana mjinga hakuwa, akakata, akachomoa.

Mdogo wake alimkuta anaifuta ncha.

"Dada! Siku kumi!"

"Bandi haikai siku kumi. Pindo limeshika."

"Hiyo ni nyama!"

"Na sufu ni ya kondoo. Leta chai."

Wiki tatu alishona kama zamani. Wiki ya nne kitu kilimchoma kwenye kona ya nje. Alinyamaza, kwa sababu kusema kungempa mdogo wake maneno ya mwaka mzima. Miezi miwili alinyamaza, mpaka taa yake ikaanza kuonekana kama imewashwa nyuma ya mvuke.

Daktari aliigeuza kope, akamulika.

"Nyuzi alitoa nani?"

"Zilitoka."

"Zenyewe?"

"Zilisaidiwa."

"Mama, nyama inahitaji siku zake kushikana. Kope imerudi ndani, na mkwaruzo umefika kule nilikokuambia. Nitaigeuza tena, itakaa. Ukungu ni wako sasa."

Safari hii mdogo wake alibeba mikasi yote ya nyumbani na kibandani, akawa anaenda nayo kazini kwenye mkoba. Siku kumi Mama Vifungo alikaa akitukana kuta. Nyuzi zilitolewa na aliyezitia. Kope ikakaa, nywele zikatazama nje, machozi yakakata.

Asubuhi ya kwanza kibandani alivuta koti jeusi. Tundu la kwanza lilikwenda kombo. Alifumua. La pili akalipima kwa kidole, nalo kombo. Alifumua tena, akainamisha taa mpaka ikakaribia kumuunguza paji la uso. La tatu hakulimaliza. Alilikunja koti, akatoka nalo hadi mlango wa pili, akaliweka juu ya cherehani ya fundi suti.

"Nyeusi sichukui tena."

"Mama wee! Nusu ya suti zangu ni nyeusi. Mpaka lini?"

"Mpaka unizike."

Fundi suti alikuna kichwa, akamtazama, akajaribu bahati yake. "Basi nipunguzie kwenye za kijivu."

"Kwa lipi?" alisema Mama Vifungo. "Za kijivu naziona."