Keki Aliyomficha Daktari

Shangazi yangu hakuwahi kuuza keki ambayo hakuionja. Alichovya ncha ya kidole cha mwisho kwenye krimu, akaigusisha kwenye ulimi, akafumba jicho moja, kisha akasema "bado" au "haya." Basi. Watu waliomwona alivyokuwa mnene walidhani anashinda na kichwa ndani ya bakuli la sukari, na jambo hilo limeniudhi tangu nikiwa mtoto. Mwanamke aliweza kupamba keki ya ghorofa tatu tangu asubuhi, na mchana akala mkate mkavu na chai. Sisemi alikuwa malaika mezani, usiku alikula vizuri, lakini unene ule aliurithi kwa bibi, pamoja na miguu mizuri na ukaidi.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Ninashona nguo, na chumba changu cha cherehani kimepakana na jiko lake la kuokea. Kati yetu kuna ukuta wa mbao tu, kwa hiyo siri za jiko lile sikuzitafuta, zilinifuata zenyewe. Mumewe naye anafanyia kazi mle mle, kwenye meza ya dirishani. Mtaa mzima unamwita Fundi Redio, ingawa siku hizi anafungua simu zaidi ya redio. Ni mtu mpole, mdomo mzito, asiyependa kumuudhi yeyote. Katika miaka yote niliyoishi karibu naye sijawahi kumsikia akimpinga mkewe, na wanawake wa mtaani walikuwa wakimwonea wivu shangazi kwa hilo.

Magoti ndiyo yaliyoanza kumsaliti. Akawa anapamba keki amekaa kwenye kiti, na keki ya harusi haipambwi kwa kukaa, maana ghorofa ya juu inakuwa juu ya macho yako. Halafu ukaja ugonjwa wa kisukari. Akajaribu kupunguza chakula, akajaribu kutembea, akapungua, akarudi pale pale na kuzidi. Mwisho akasikia kuna upasuaji wa kupunguza uzito, akaja kwangu nimpunguzie mikono ya gauni la kwendea hospitali.

"Nataka mambo mawili tu, mwanangu," aliniambia nikiwa nampima. "Nisimame kwenye meza yangu, na nionje kazi yangu. Hayo mengine wachukue."

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu wa makamo, mwenye subira. Aliwaeleza wote wawili, yeye na mumewe, huku akichora kwenye karatasi. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kuufunga mfuko wa tumbo kwa mkanda upande wa juu, ili chakula kipite kidogo kidogo. Hiyo aliitaja kwa haraka, akasema siku hizi haifanywi sana. Ya pili ni kukata sehemu kubwa ya tumbo na kuitoa kabisa, libaki bomba jembamba. Ukishakata umekata, hakuna kurudisha. Ya tatu ni kutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunga na utumbo kule mbele zaidi, chakula kipite pembeni. Akaiita njia ya mchepuko.

"Mchepuko?" shangazi akadakia. "Daktari, nimekaa na mume wangu miaka yote hii bila mchepuko, leo uje uniwekee tumboni?"

Daktari alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Lakini alipomaliza kucheka alisema kwamba kwa mtu mwenye kisukari yeye angeipendelea hiyo ya tatu. Akamuuliza kama huwa anapata kiungulia, kwa sababu hiyo njia ya kukata inaweza kukileta, na aliyenacho tayari inaweza kumzidishia vibaya.

Hapo nisimame kidogo. Shangazi alikuwa na kiungulia tangu namjua. Kila alasiri alichota soda ya unga, ile ya kuumulia keki, akaikoroga kwenye maji, akanywa, akacheua, akaomba radhi, akaendelea na kazi. Kwake huo haukuwa ugonjwa. Ugonjwa ni kitu kinachokupeleka dukani kununua dawa, na dawa yake ilikuwa kwenye rafu, kati ya vanila na rangi za krimu. Mara nyingi aliyemkorogea glasi hiyo ni mumewe, ambaye sasa alikuwa amekaa kando yake mbele ya daktari.

Lakini kabla ya kujibu, shangazi aliuliza swali lake. "Na hiyo ya mchepuko, mtu anaweza kula keki?"

"Keki bora uisahau, mama," daktari akasema. "Sukari inateremka utumboni haraka mno. Watu wengine wanatokwa jasho, moyo unaenda mbio, wanaharisha. Wewe unafanya kazi gani?"

"Biashara ndogo ndogo," shangazi akasema.

Aliona aibu. Ndiyo hiyo tu, hakuna jingine. Tangu alipoanza kuugua, kila muuguzi aliyesikia kazi yake alimtazama juu mpaka chini na kutikisa kichwa. Mmoja alimwambia mbele ya foleni nzima, "Kumbe ndiyo maana." Mimi muuguzi yule ningemshona mdomo kwa uzi wa jinzi. Kwa hiyo siku ile, mbele ya daktari ambaye angemsaidia, aliificha kazi iliyomlisha na kumsomeshea watoto kama mtu anayeficha kitu cha wizi.

"Na kiungulia?" daktari akarudia.

"Sina," shangazi akasema. "Nikatie tumbo. Hiyo ya pili."

Walimpitisha kamera kooni kabla ya upasuaji, ikaonyesha wekundu kidogo. Daktari akauliza tena. Shangazi akasema ni pilipili aliyokula juzi. Fundi Redio alikuwa hapo. Alitazama viatu vyake, akanyamaza kama maji mtungini.

Mwaka wa kwanza tulisherehekea. Nilipunguza nguo zake mpaka nyingine zikaisha kitambaa cha kupunguza, nikaanza kumshonea mpya. Kisukari kilitulia. Siku aliposimama mezani na kuiweka ghorofa ya tatu juu ya keki bila kushika kiti, alinigongea ukuta nije nione. Nilimkuta analia na mfuko wa krimu mkononi, Fundi Redio anampigia makofi.

Sijui kiungulia kilirudi lini hasa, kwa sababu alikificha. Kwanza sauti yake ikaanza kukwaruza. Kisha nikagundua mito kitandani mwake imepangwa kama ngazi, kumbe analala ameketi. Soda haikumsaidia tena. Moto ulipanda mpaka kooni, na akiinama kwenye oveni, maji machungu yanamjaa mdomoni. Na jambo jingine lilikuwa limetokea, ambalo hakumwambia mtu hadi nilipomkaba. Utamu ulikuwa umemkimbia.

"Nausikia kwa mbali," aliniambia. "Kama redio ya jirani. Sauti ipo, maneno siyashiki."

Fikiria. Alichagua kukatwa tumbo ili aubakize ulimi wake, na ulimi ndio ulioondoka. Nilitaka kumgombeza. Nilipomtazama nikaona ameshajigombeza kuliko nitakavyoweza mimi, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Daktari alimpitisha kamera tena, akakuta vidonda. Akamuuliza amekuwa akitumia nini. Shangazi, aliyechoka kuficha, akasema, "Ile soda yangu ya keki."

"Keki gani?"

Ndipo ukweli wote ukamwagika: jiko, oveni mbili, keki za harusi, kidole kwenye krimu, glasi ya soda ya kila alasiri tangu ujana. Nilikuwapo siku hiyo, kwa hiyo hili sisimuliwi. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti, na nadhani angepandisha isingeuma kama maneno aliyosema.

"Mama, kumbe hukuwa ukiniuliza kuhusu kula. Ulikuwa unauliza kuhusu kuonja."

"Ndiyo, daktari."

"Krimu ya ncha ya kidole? Ukaitema au ukaimeza, wengi niliowafanyia mchepuko hiyo haiwasumbui. Ningekwambia jaribu kidogo kidogo. Ulimi kubadilika unaweza kubadilika kwa njia yoyote, hilo nisingekuahidi. Lakini kwa kiungulia kama hicho, tumbo lako nisingelikata."

Shangazi aliuliza kama lile bomba lililobaki linaweza kurudishwa kuwa tumbo. Daktari akasema haliwezi, ila linaweza kugeuzwa kuwa mchepuko, ile ile njia aliyoikataa, kwa kisu cha pili. Safari hii shangazi hakufanya mzaha wowote. Alisaini pale pale. Tulipotoka nje, aliketi kwenye benchi la kusubiria akasema, "Nitakatwa mara mbili kwa sababu ya kumwonea haya mtu ambaye hata hakunicheka." Fundi Redio alimshika mkono. Kisha akauachia, akaenda kutafuta gari.

Upasuaji wa pili ulizima ule moto. Mito ikapungua kitandani, sauti ikarudi. Anameza vidonge vyake vya vitamini kila siku na atavimeza maisha yake yote. Ulimi haukurudi. Aliujaribu kwa asali, kwa maziwa, kwa sukari kavu. Redio ya jirani, vile vile.

Basi kazi ya kuonja akampa mumewe. Ungekuwapo ungecheka na kulia. Mzee yule hapendi hata chai yenye sukari, na sasa kila krimu inapopigwa anaitwa kutoka kwenye simu zake, bisibisi mkononi, anafungua mdomo kama kifaranga. Na jibu lake lilikuwa moja. "Tamu." Krimu nyepesi, tamu. Krimu nzito, tamu. Siku limau lilipozidi hadi nikasikia harufu upande wangu wa ukuta, tamu vile vile. Wateja wakaanza kupungua, kwa adabu, bila ugomvi, kila mmoja na kisingizio chake. Shangazi hakuelewa. Au alielewa.

Mwezi uliopita ilikuwa keki ya binti yao wa mwisho, aliyekuwa akiolewa. Shangazi alitaka kuipamba mwenyewe, amesimama. Mwenye duka alikuwa ameishiwa na siagi yake ya kawaida, akampelekea yenye chumvi, na shangazi hakuangalia karatasi, akaongeza na chumvi yake ndogo ya kila siku. Zamani ncha ya kidole ingemwambia kabla hajafumba jicho. Aliipiga krimu, akamwita mumewe. Mimi nilikuwa mlangoni na gauni la bibi harusi mkononi. Nilinyoosha mkono kwenye bakuli, nikachota kidogo, nikaona chumvi tupu, nikafungua kinywa. Fundi Redio alininyooshea kiganja kunizuia.

Akaonja. Akaweka bisibisi mezani.

"Tamu?" shangazi akauliza. Tayari alikuwa ameshika kisu cha kupakia.

Mzee alijifuta mdomo kwa kiganja, nikadhani ndiyo yale yale.

"Hapana," akasema. "Ni chumvi tupu. Haifai, mama. Na ile ya wiki jana limau lilizidi. Na nyingine nyingi, nilikuwa nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Shangazi alisimama na kisu chake. Sikumwona akikasirika. Alimtazama mumewe usoni kwa muda mrefu, kama anayemtafuta mtu aliyempotea zamani.

"Kumbe unaweza," akasema polepole.

Fundi Redio akaanza kulia. Hakujificha, hakugeukia dirisha. "Nilikuwa pale," alisema. "Alipokuuliza kiungulia, nilikuwa pale. Glasi nakukorogea mimi. Nikasema moyoni, usimwaibishe mkeo mbele ya daktari. Neno moja tu, mke wangu. Nilikuwa nalo mdomoni."

"Nilijua unalo," shangazi akasema. "Nilikuwa naomba usiliseme." Akaketi kwenye kile kiti chake cha zamani, krimu mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze nikawaona wote wawili wanalia kwa jambo moja. Nilitaka kuondoka, lakini gauni lilikuwa limenasa mlangoni.

Baadaye shangazi aliimwaga krimu yote kwenye ndoo. Nikaenda mwenyewe kutafuta siagi isiyo na chumvi duka la mbali, nikaileta. Nilipochungulia tena nikamkuta mzee amefunga aproni ya mkewe juu ya shati la kazi, anapiga krimu mpya, na shangazi amesimama nyuma yake akimwelekeza. Mzee akachota kwa kidole, akaonja.

"Bado," akasema.

Shangazi akaongeza sukari.