Kidevu Juu Afungua Tovuti

Kwenye studio yetu ya picha za pasipoti, mpiga picha wetu tunamwita Kidevu Juu, maana ndivyo anavyomwamuru kila mteja: kidevu juu, masikio yaonekane, usicheke. Lakini moyo wake uko kwenye harusi, na mwisho wa wiki huenda kuwapiga picha ndugu na majirani. Juzi akafungua tovuti yake, akaweka picha anazojivunia kuliko zote, akampa shangazi yake simu atazame.

Shangazi akatazama, akatazama tena. "Mwanangu, hawa watu wamefiwa?"

"Shangazi! Hiyo ni harusi!"

"Sasa mbona bibi harusi amekodoa macho kama anasubiri hukumu?"

Kidevu Juu akampokonya simu, akaangalia. Maharusi, wapambe, watoto, wote wametazama mbele, masikio nje, midomo imefungwa. Jamani, hata keki imesimama wima katikati!

Shangazi akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Hiyo sasa ndiyo picha! Kidevu Juu akadaka kamera, akalenga, na kabla hajabonyeza akausikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Shangazi, usicheke."